Kufuli Mbili Kwenye Mlango wa Kanisa

Kanisa letu la Kilutheri pale mtaani Bwiza lilikuwa chumba kimoja cha matofali, na chumba hichohicho ndicho kilikuwa shule. Jumapili mabenchi yalitazama madhabahu. Jumatatu tuliyageuza yatazame ubao. Mwalimu wetu ndiye alikuwa katekista. Wazazi walikijenga kwa mikono yao miaka ile uhuru ulipokuja, na baba yangu, fundi cherehani, alitukumbusha jambo hilo kila tulipolalamikia joto.

Joto ndilo lililoleta balaa. Paa la bati, dari hakuna. Ikifika saa nne asubuhi humo ndani hamkaliki. Ibada zilikuwa mbili: ya mapema kwa Kiswahili, ya pili kwa Kirundi. Wenzetu wa Kirundi wakauliza kwa nini wao tu waokwe kila Jumapili. Swali la haki kabisa. Wangepokezana wiki kwa wiki, yangekwisha. Lakini hakuna aliyetaja jua. Walitaja heshima ya Neno la Mungu, na wazee wa kanisa wakishafika hapo, ujue hakuna atakayerudi nyuma.

Jumapili moja, ibada yetu ilipokwisha, baba yangu, mzee wa upande wa Kiswahili, akafunga mlango kwa kufuli ili wenzake wasiingie. Jioni mzee wa upande wa pili, fundi mwashi, akaongeza ya kwake. Kila mmoja akaenda nyumbani na ufunguo wake, na Jumatatu tukakuta shule imefungwa.

Nilikuwa darasa la sita. Mbele yetu kulikuwa na mtihani wa serikali wa kuingia sekondari, na niliutaka kuliko hata nguo nyeupe ya kipaimara. Mwalimu alituandikia hesabu kwa makaa kwenye ukuta wa nje, mpaka mvua ikaja ikazifuta. Nikamwomba baba afungue.

"Mi siwezi fungua wa kwanza," alisema, ufunguo ukining'inia kiunoni. "Bao ba Kirundi bafungue."

"Na mutihani yangu, papa?"

"We omba Mungu. Na mi nakuombea."

Kweli aliniombea, kila jioni, tena kwa machozi, na ufunguo uko kiunoni palepale! Mwashi naye alikuwa na binti darasani mwetu, naye alimwombea vilevile. Hata leo nikiyakumbuka maombi yale hasira hunipanda.

Mkaguzi wa shule akaja kuandikisha watahiniwa. Alitikisa kufuli, akachungulia dirishani, akaona vumbi juu ya mabenchi. Mwalimu akamkimbilia akihema, akasema watoto wapo.

"Watoto naona," alijibu mkaguzi. "École iko wapi, shule yenyewe?" Akapanda gari lake.

Mtihani ukapita bila sisi. Wiki chache baadaye mchungaji, aliyeishi nchi jirani, alivuka mpaka kuja kutupa meza ya Bwana, na kwa kumwonea mgeni haya, wazee wale wawili wakafungua pamoja, wakakumbatiana. Baba akaombwa aombe. Alimshukuru Mungu kwamba shetani ameaibika na hakuna kilichopotea. Kanisa zima likaitika amina, mwashi kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake shule ilifunguliwa. Baba alisema nimekuwa mkubwa mno kurudia darasa, kwa hiyo asubuhi ile nilipita mlangoni pale na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, nikimfuata mama sokoni, huku ndani watoto wakisoma kwa sauti.