Nyumba Inayouona Mlima

Nilimdanganya mama kwa simu. Nilimwambia kwamba ukiwa Isiolo mlima unaonekana vizuri, asubuhi na mapema, ukifungua tu mlango. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefanya kazi katika ofisi ya serikali hapa miaka sita, na sikuwa nimeuona hata siku moja. Wala sikuwa nimeutafuta. Asubuhi zangu zilikuwa za kusaka kiatu cha pili na kukimbilia boda.

Lakini ningefanyaje? Mama alikuwa ameanguka kule kwetu, upande wa Chuka, akienda kuteka maji, akalala matopeni mpaka mpita njia alipomkuta. Baba alishatangulia na ndugu zangu wametawanyika. Nilimbembeleza aje tuishi pamoja. Akakubali kuja kuangalia tu, kwa sharti moja: hawezi kukaa mahali ambapo akiamka hauoni mlima. Maisha yake yote alisimama mlangoni kila asubuhi, akautazama mlima huo, Kirimara kwa lugha ya kwetu, akaomba. Ni Mkristo asiyekosa kanisa, ila sala ya kwanza aliielekeza pale, kama mama yake.

"Kuku nimemwachia jirani siku nne," aliniambia aliposhuka kwenye gari. "Ya tano narudi."

Chumba changu kilikuwa cha mtu mmoja, kwa hivyo tulianza kutafuta nyumba. Siku ya kwanza tulikwenda mtaa wa Wabera. Nyumba ilikuwa safi, vyumba viwili, tangi la maji, duka hapo mlangoni. Mama hakuingia hata ndani. Alitoa kigoda chake alichokuja nacho kwenye mfuko, akakiweka kizingitini, akaketi kutazama kusini, uliko mlima. Mbele yake palikuwa na ukuta wa ghorofa ya jirani. Dalali alikuwa anasifia vigae.

"Vigae sitaviomba," mama akasema, akabeba kigoda chake.

Siku ya pili na ya tatu tuliona nyumba nne, na kila mahali upande wa kusini ulikuwa mweupe tu.

"Ni vumbi, mama."

"Na jana?"

"Jana pia ilikuwa vumbi."

Akanitazama vile alivyonitazama utotoni niliposema paka ndiye aliyelamba sukari. Nilianza kuogopa kabisa. Nilimwona tena kwenye yale matope, na safari hii hakuna mpita njia.

Siku ya nne, jua halijachomoza, tulifika mtaa wa Chechelesi. Mwenye nyumba, mama wa Kiborana wa makamo, alitufungulia geti.

"Salaam aleikum. Karibu, akko," alimwambia mama, kwa heshima ya nyanya. "Ingia uone. Hii nyumba iko na kila kitu."

"Iko na mlima?"

Akacheka. "Mlima iko huko nyuma, kwa choo. Ngoja kidogo jua itoke."

Tukazunguka nyuma. Mama akaweka kigoda kati ya choo na kamba ya nguo, akaketi. Mimi nilisimama nikitunga uongo mwingine.

Kisha kukapambazuka. Kwanza nilidhani ni wingu. Lakini wingu lilikuwa na ncha, na ncha zilikuwa na theluji, na theluji ilikuwa inageuka rangi ya waridi juu ya mabati ya majirani, juu ya mji huu wa joto na vumbi. Nilishika kamba ya nguo. Miaka sita! Kitu kikubwa kiasi hicho kilisimama pale miaka sita, nami natafuta kiatu. Niliona aibu, na nilifurahi.

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, akaupima mlima kwa macho.

"Huo sio," akasema. "Ncha haziko hivyo. Umegeuka."

Mwenye nyumba ndiye aliyejibu.

"Haijageuka, akko. Sisi wa upande huu tunaionanga hivyo."

"Kwani nyinyi pia mnauangalia?"

"Kila siku. Nikimaliza kuswali alfajiri natoka hapa, naiangalia, nasema alhamdulillahi."

Mama akamgeukia, akamtazama mwanamke yule kwa makini, kisha akaurudia mlima. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Miaka sabini na mbili," akasema, "nimefikiri unatuangalia sisi tu."

Nikachuchumaa kando yake. "Mama, nilikudanganya. Sikuwa nimewahi kuuona."

"Nilijua. Mtu aliyeuona hawezi kusema tu unaonekana vizuri."

Hakuinuka. Mwenye nyumba alituletea chai ya maziwa, tukainywa palepale kando ya choo, mpaka ikafika saa tatu na mawingu yakaufunika mlima wote. Ndipo mama akanikabidhi kikombe.

"Mpigie jirani," akasema. "Mwambie wale kuku ni wake."