Bi Mwanne Anamfundisha Mwalimu

Tob. Tob. Tob.

Saa moja asubuhi, mtaa wa Isevya mjini Tabora, na Flavia haoni kitu. Macho yake yamefungwa kanga. Mbele yake uji wa unga wa njano unatokota jikoni, na nyuma yake sauti ya mwanamke mtu mzima inamwonya asiguse unga.

"Bado. Uji unalia haraka. Ukianza kulia polepole, ndipo utie unga, usonge."

Huyo ni Bi Mwanne binti Mfaume, miaka hamsini na minane, mwalimu wa mapishi asiye na darasa. Kwa miaka kumi na sita wasichana wanaokaribia kuolewa wamepita uani kwake, Waislamu kwa Wakristo, na wote amewafunga kanga. Anasema jicho la mwanafunzi lina pupa. Likiona povu tu, mkono unakimbilia unga, na ugali unatoka mbichi katikati.

Ujuzi huo aliupata kwa bibi yake, aliyewapikia wapagazi waliopita Tabora wakielekea Ujiji.

Mwaka jana, 1974, kata ilifungua darasa la mapishi kwa akina mama. Akatafutwa mwalimu. Mtaa mzima ulijua ni nani. Lakini uliwekwa mtihani, na kwa kuwa Bi Mwanne hajui kusoma, alisomewa maswali. La kwanza lilitaka kiasi cha unga kwa lita moja ya maji.

"Nikauliza, unga gani? Wa mtama? Au huu wa njano wa msaada? Mtahini akasema unga ni unga." Anatema mate majivuni. "Nikajua huyo hajawahi kusonga."

Alipata alama nne kwa ishirini. Kumi na nane alipata Flavia, binti kutoka Itetemia aliyemaliza darasa la saba, ambaye ugali wake wa kwanza ulitupwa kwa kuku uani humu humu. Sasa Flavia ndiye mwalimu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, anapita hapa kujifunza somo la siku hiyo.

Tunaambiwa kila siku kwamba nchi hii ni ya mkono unaofanya kazi. Mkono wa Bi Mwanne haukuulizwa chochote.

Jumamosi hii wakubwa wa elimu wanakuja kuonja kuku wa karanga. Wakiridhika, Flavia ataajiriwa moja kwa moja. Wasiporidhika, atarudi shambani kwa baba yake. Na kuku wa karanga hajawahi kumpika.

Jirani, Kuluthumu, anayechambua mchicha kizingitini, ana ushauri wake. "Mwambie atie karanga kavu kwenye mchuzi unaochemka, shoga. Zigande madonge, wageni watafune kokoto."

Bi Mwanne hacheki. Anakiri kwamba wazo hilo analo tangu Jumatatu.

Flavia anafungua kanga. Amesikia yote. "Mama," anauliza taratibu, "utanifundisha kweli?"

Bi Mwanne anachukua bakuli, anatia karanga zilizopondwa, anamimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, anakoroga mpaka hakuna donge hata moja. Kisha anamkabidhi msichana bakuli.

"Nitakufundisha sawasawa. Sitakuficha hata chumvi. Lakini Jumamosi nitakuja, nitakaa mbele kabisa. Wakishasifu chakula, nitasimama niwaulize mimi nilishindwa nini kwenye mtihani wao. Na wewe, mwanangu, ndiye utakayewajibu."