Chaguo la Tarcisius

Ukitaka kuharibu sherehe yoyote ya sisi tunaoongea Kiswahili hapa Louisville, jimbo la Kentucky, iwe kipaimara, iwe harusi, iwe mtu kapata uraia, taja tu mwaka ule Tai walipokuwa na chaguo la kwanza. Pilau itapoa, bibi harusi atasahaulika, na wanaume wazima watasimama juu ya viti.

Tai ni timu yetu ya mpira wa kikapu. Iko kwenye ligi ndogo ya miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, iliyoanzishwa na watu waliochoka kukutana misibani tu. Columbus walijiita Nyati kabla watu wa Buffalo hawajaamka, na Buffalo, ambao mji wao ndio wenye jina la mnyama huyo, wameishia kuitwa Theluji na hawajasamehe hadi leo. Kila Aprili wachezaji wapya na wale walioachwa na timu zao wanawekwa kapu moja, kisha timu zinachagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza. Shughuli hiyo wote tunaiita drafti. Uongozi wa timu tunauita ofisi, ingawa Tai hawajawahi kuwa na ofisi. Wana mtu mmoja mwenye simu.

Miaka saba iliyopita mtu huyo alikuwa Zabroni, Mtanzania aliyekuwa amehamia majuzi tu kutoka Buffalo kufuata kazi za maghala kule Okolona. Tulikuwa tumeshika mkia, kama kawaida yetu. Jioni zile kulikuwa na kijana akicheza kiwanja cha Iroquois Park, mrefu, mikono haina mwisho, akiruka unasahau ulichokuwa unasema. Pembeni alisimama mama mmoja akimpigia makofi. Zabroni akamsogelea, akauliza kijana yule ni nani. Mama akajibu kwa fahari zote, "Huyu ni mwanangu. Mimi naitwa Ernestina."

Na kweli alikuwa mwanawe. Alikuwa mtoto wa mdogo wake wa tumbo moja, anaitwa Chacha, amekaa kwake miezi kadhaa wakati mama yake akitafuta nyumba Columbus. Kwa Mhaya kama Ernestina, kwa Mjaluo kama mimi, kwa Mrundi, kwa Mbembe, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na anayedai ufafanuzi anaonekana hana adabu. Shida ni kwamba Ernestina alikuwa na mwana mwingine, wa kumzaa, Tarcisius. Tena vijana wote wawili alikuwa amewaandikisha kwenye drafti, kwa sababu nyumbani kwake huwezi kumwandikisha mmoja ukamwacha mwenzake anaangalia.

Siku ya drafti Zabroni alikuwa zamu kazini. Akampigia simu mwenyekiti wa ligi kutoka nyuma ya masanduku, akanong'ona, "Tunamchukua mtoto wa Ernestina," akakata, maana msimamizi alikuwa anakuja. Mwenyekiti akatafuta mtoto wa Ernestina, akampata mmoja tu, maana Chacha alikuwa ameandikwa kwa jina la mama yake mzazi. Tai wakamchagua Tarcisius. Columbus, waliokuwa wa pili, hawakuamini bahati yao. Wakamchukua Chacha.

Tarcisius alikuwa na miaka kumi na minane, mfupi, mpole, na mpira wa kikapu aliupenda kama mtu anavyopenda kachumbari, ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa. Tulipomwona anaingia mazoezini tulidhani amemsindikiza mtu. Chacha naye alikuwa akitufunga kila kiangazi, halafu mechi ikiisha anakuja kumkumbatia Ernestina mbele yetu, "Shikamoo, mama mkubwa," nasi tunatamani ardhi ipasuke.

Basi lawama zikagawanyika. Elie, fundi magari kutoka Bukavu, ambaye hajawahi kukosa mechi wala kukosa la kusema, yake aliitupia ofisi. "Bon, mtu anachaguaka muchezaji na telefone? Mu kazi? Donc, hii ni makosa ya biro, haiko makosa ya ule mama." Zabroni alisema kosa ni la mwenyekiti. Mwenyekiti alisema kosa ni la lugha. Mimi Claris, mhasibu, niliyekuja kusoma nikaolewa na mji huu, nilisema na bado nasema kwamba mtu anayechagua mchezaji bila kuuliza jina lake hafai kukabidhiwa hata funguo za baiskeli. Sitaomba radhi kwa hilo.

Lakini katika kubishana kwetu kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimbatiza Chaguo la Mama. Watoto wa miaka kumi walimwita hivyo wakimpita dukani. Aliamka akiwa Chaguo la Mama, akaenda kazini Okolona, ambako nusu ya wafanyakazi ni mashabiki wetu, akawa Chaguo la Mama na huko. Angeweza kuacha. Mtu mwingine angehamia hata Texas. Yeye alikuja mazoezini kila Jumamosi, akakaa benchi, akaingizwa tukiwa tumeshafungwa, akapiga pasi zake mbili tatu za maana, akatoka. Alipoona wazi hatacheza akaanza kuendesha gari la timu, kurekodi mechi na kuwapigia wachezaji simu waamke. Ukimtania alicheka kidogo, macho chini. Hakujibu, hata mara moja.

Mama yake ndiye aliyekuwa anajibu. Kila mwaka, kwenye kila mkutano, Ernestina alisimama na kusema, "Jamani, mnisamehe, mimi ndiye niliyesema vibaya." Na kila mwaka mwanawe alimvuta nguo taratibu akae. Kwa kweli lile lilikuwa linaniuma. Mama wa watu hakusema vibaya.

Februari mwaka huu Zabroni alituita kwenye ukumbi wa jumuiya, Iroquois, akasema amechoka, anaachia ofisi. Tukapiga makofi kuliko heshima inavyoruhusu. Halafu akasema anayependekeza achukue nafasi yake ni Tarcisius. Makofi yakakatika.

"Zabroni, please," nikasema. "Tunachekwa na miji miwili. Sasa tuwape na sababu mpya?"

"Dada Claris, kijana ameangalia kila mechi ya ligi hii. Wewe unaangalia zetu tu."

"Miye sina kitu juu yake," Elie akadakia. "Ni mtoto muzuri. Donc, muzuri njo shida. Kiongozi anapashwa kuwa mubaya kidogo."

Tulibishana mpaka chai ikaisha kwenye chupa. Kila drafti ya nyuma ilifukuliwa. Mwaka tuliomchagua mlinzi aliyekuja na viatu vya kanisani. Mwaka tuliomwacha Mkenya mmoja kwa sababu alichelewa, kumbe gari la kwao lilikuwa limekwama kwenye theluji, na sasa ndiye anayeongoza kwa kufunga kule Buffalo. Mwishowe Tarcisius alipita kwa sababu ambayo naisema wazi, kwamba hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuamka alfajiri za Jumamosi. Ila tulimpa sharti. Columbus walikuwa wamemwachia Chacha, na Chacha alikuwa amejiandikisha upya kwenye drafti. Sisi tulikuwa tumeshika mkia tena, kwa hiyo tuna chaguo la kwanza tena. Mungu akupe nini zaidi? Elie alishika mkono wa kijana. "Chacha. Unasikia? Chacha, basi."

Tarcisius akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nimewasikia."

Tukashangilia, watu wazima wote, waliozaliwa na kulelewa na lugha hii. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba hakuwa amesema amekubali.

Drafti ilikuwa Columbus, mchana wa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa moja la Wakongo. Tulijaa gari zima la timu, Tarcisius akiendesha, Ernestina mbele kando yake na chapati za watu wote mapajani. Wengine walikuwa wameshashona fulana zenye jina la Chacha mgongoni. Naam, na mimi nilivaa.

Chacha alikuwa amekaa safu ya mbele. Anakaribia thelathini sasa. Alisimama kutusalimia na niliona alivyoegemea kiti kwanza kabla ya kunyooka, lakini siku ile macho yangu yalikuwa hayataki kuona. Mwenyekiti akawaita Tai. Siku hizi sheria inataka anayechagua asimame mwenyewe, aseme jina kamili la mchezaji, la mzazi wake na mji anakoishi. Sheria hiyo ilitungwa kwa heshima yetu.

Tarcisius alisimama. Hakushika karatasi. Aliweka mikono mfukoni, akamtazama mwenyekiti.

"Tai wa Louisville tunamchagua Irakoze, mtoto wa Theogene, wa East Side, Buffalo."

Tulikuwa kama mtu aliyejigonga kidole na bado hajaanza kuumia. Kisha tukalipuka. Elie alivua fulana. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia kama msibani. Mimi nilisimama nikapiga kelele ambazo sitaziandika, kwa kuwa mchungaji wa pale anasoma Kiswahili. Kule nyuma alisimama kijana Mrundi wa miaka kumi na tisa, mwembamba, kichwa hakifiki hata begani kwa Chacha, akituangalia kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Huyo ndiye Irakoze. Hakuna aliyewahi kulisikia jina lake. Theluji walikuwa wa pili, na kabla mwenyekiti hajamaliza kuita jina la mji wao walikuwa wameshamchukua Chacha.

Chacha alikuja kwetu akicheka mpaka machozi. "Mmenikosa mara ya pili!" Akamwinamia Ernestina, akasema polepole, ila mimi nina masikio, "Mama mkubwa, hata mimi nisingejichagua." Kisha akamshika Tarcisius kichwa kwa mikono yote miwili, kama mnavyomshika mdogo wenu, akaondoka akiburuta mguu kidogo.

Safari ya kurudi ilianza kwa kununa. Tulipotoka nje ya mji nikashindwa kuvumilia.

"Wewe kijana, ulituambia umetusikia!"

"Niliwasikia, dada Claris. Sikusema nimekubali."

Gari zima likageuka kumtazama. Alikuwa amejibu.

"Ah non! Anatufundisha kiswahili!" Elie akapiga siti. "Tarcisius, ile mtoto ni mufupi. Ni mufupi kuliko miye!"

"Kaka Elie, nimeenda Buffalo mara tatu kumwangalia. Akipoteza mpira anarudi mbio kuutafuta, halalamiki kwa refa. Akipata mpira anaangalia wenzake kwanza. Sisi tunafungwa kwa sababu kila mtu anataka kufunga yeye. Na anahamia Louisville Juni, kaka yake amepata kazi Okolona. Atakuwa mazoezini kila Jumamosi."

"Na Chacha?" nikauliza.

"Chacha goti limekwisha. Mmemwona alivyosimama, ila hamkutaka kumwona." Sauti yake ilikuwa imepanda, na masikio yamemwiva. "Nyinyi mlitaka nimchague ili mlie vizuri. Siyo ili tushinde. Chacha ni kaka yangu, nampenda kuliko mnavyompenda, na sitamleta aanguke mbele yenu mseme ofisi imekosea tena."

Sijui nikueleze vipi. Miaka saba kijana huyu alibeba kosa lililofanywa na watu wazima wawili na simu moja, na hakuwahi kupandisha sauti, kwa sababu ungejitetea vipi kwa jambo ambalo hukulitenda? Sasa alikuwa anatukanwa na gari zima kwa jambo alilolitenda mwenyewe, akiwa na akili zake, kwa jina na jina la baba, na uso wake ulikuwa uking'aa. Nilikuwa na hasira naye hadi meno yananiuma, na nilifurahi. Vyote viwili, kwa pamoja.

Tulibishana naye mpaka Cincinnati. Elie alileta historia ya drafti zote, Tarcisius akamrekebisha mbili. Mtu wa siti ya nyuma alisema labda, labda tu, tumwone huyo Mrundi kwanza, akazomewa, lakini si sana. Ernestina hakuomba radhi kwa mtu. Alikuwa akigawa chapati, na mara moja nilimwona akigeukia dirishani kujifuta macho na pembe ya kitenge, kisha akamwekea dereva kipande mdomoni kama mtoto.

Tulipovuka mto na kuingia Kentucky nilijisogeza mbele, nikamwekea kidole begani.

"Sikiliza, meneja. Huyu Irakoze akituangusha, sitamsikiliza Zabroni, sitamsikiliza mwenyekiti, sitasikia habari za lugha. Lawama zote safari hii ni zako."

Alinitazama kwenye kioo, kinywa kimejaa chapati.

"Ndiyo, dada," akasema. "Zangu."