Fundi wa Tabata Aliyeifungia Pikapu Yangu Kruzi

Nilivunjika mguu wa kulia kwa bodaboda iliyoteleza kwenye mchanga pale Mtoni. Daktari akanifunga chuma, akaniahidi kwamba nitatembea, na kweli nilitembea. Ambacho hatukukizungumza ni kuendesha gari. Nikikanyaga mafuta mfululizo kwa saa moja tu, unyayo unakufa ganzi na goti linavimba.

Mjini haikunisumbua. Kutoka nyumbani Mbagala hadi shule ninakofundisha Kiswahili ni foleni tupu, mguu unapumzika kila mara. Shida ilikuja pale mama alipoanza kupoteza macho. Alikuwa Newala, na mtoto wa jicho alikwisha kulifunga jicho moja na kuanza la pili. Hospitali ya huku ikakubali kumpasua. Basi hawezi kulipanda; mgongo wake hauvumilii kukaa wima siku nzima. Pikapu yangu ya milango minne, kuukuu, ya gia za mkono, ina kiti cha nyuma kirefu ambacho mtu anaweza kujilaza. Lakini mke wangu hajui kuendesha, na mama hakutaka kusikia habari ya dereva wa kukodi. "Nitakuja na mwanangu," alisema kwenye simu, "au nitabaki na jicho langu moja."

Jirani mwenye gari la kisasa ndiye aliyenitajia kruzi, kile kifaa kinachoshikilia mwendo ili dereva atoe mguu. Nikaenda gereji niliyoizoea. Mafundi wakacheka.

"Mwalimu, hiyo ya magari ya otomatiki. La gia za mkono halikubali."

Mwingine akanishauri niweke tofali kwenye pedali. Nikacheka nao, lakini roho iliniuma. Nilipokuwa natoka, mteja mmoja akanifuata akaniambia niende Tabata, kwa fundi umeme mmoja mwanamke, nimuulize yeye.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anatengeneza swichi ya taa. Alikuwa na umri kama wa mdogo wangu. Nilimweleza habari ya mguu, na habari ya mama. Hakucheka.

"Inakubali," alisema. "Ila gari la gia lina sharti moja. Klachi."

Akachukua chaki akachora sakafuni. Mota ndogo itavuta kebo ya mafuta badala ya mguu wangu. Sumaku zitafungwa kwenye propela, ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma, ili kifaa kihesabu mizunguko na kijue mwendo. Ukigusa breki, kila kitu kinaachia.

"Sasa sikiliza hapa, mwalimu. Kruzi imeshika, wewe unakanyaga klachi ubadilishe gia. Injini haina tena mzigo, na mota bado inavuta mafuta. Itanguruma mpaka ijiue. Kwa hiyo klachi nayo lazima iwe na swichi yake ya kukata. Mtu akikufungia bila hiyo, mkimbie."

Nimesimama mbele ya wanafunzi zaidi ya miaka ishirini, na sidhani kama nimewahi kueleza jambo kwa uwazi namna ile.

Alinituma kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika na orodha aliyoiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipopata vyote, alivipanga juu ya khanga iliyotandikwa mezani, akavipima kimoja kimoja, akakataa viwili. Kazi ilichukua wiki. Kila waya aliuvalisha mpira, kila kiungo alikichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, akakivuta kwa nguvu kuona kama kitatoka. Mwisho aliweka swichi nyekundu karibu na redio. "Hii ya kuzima kabisa. Usipoelewa kinachoendelea, piga hii kwanza, maswali baadaye."

Jumapili asubuhi tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya Kilwa, mbele ya Vikindu ambako magari hupungua. Alikaa pembeni yangu na daftari mapajani.

"Gia ya tano. Fika themanini. Haya, bonyeza. Toa mguu."

Nikatoa. Gari likaendelea kama vile hakuna kilichobadilika. Tulipopanda kilima kidogo nikasikia injini inajiongezea yenyewe, taratibu, bila papara. 

"Klachi," alisema.

Nikakanyaga. Injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Kabla sijafikiri lolote, kidole chake kilikuwa kimeshapiga ile swichi nyekundu, na kimya kikarudi. Nikaegesha pembeni.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Nimekosea mie. Swichi ya klachi nimeifunga chini mno, inachelewa kukata."

Nimewajua mafundi wengi, na wote walilaumu barabara, au kipuri, au mie. Yeye aliandika kosa lake kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Nilimwambia si kitu, nisafiri hivyohivyo, nitakumbuka kugusa breki kwanza. Akatikisa kichwa.

"Utakumbuka leo. Utasahau siku mbuzi atakapokatiza mbele yako. Gari hili litarudi kwangu."

Likarudi siku mbili. Alikata kipande cha bati, akatengeneza kishikio kipya, akaipandisha swichi mpaka ikawa inakata pedali ikiguswa tu. Jumapili iliyofuata alinikanyagisha klachi mara ishirini, kwenye tambarare, mlimani, na kwenye mteremko. Kila moja aliiwekea alama. Ilipotimia ya ishirini ndipo aliponikabidhi funguo, na masharti: nisibonyeze mjini, wala vijijini, wala kwenye mvua.

Nilikwenda Newala, nikalala siku mbili, nikarudi na mama. Alijilaza nyuma juu ya godoro, kichwa upande wangu. Baada ya Nangurukuru barabara iliponyooka nikabonyeza, nikakunja mguu. 

"Leo gari halinistui," mama akasema. "Ulijifunzia wapi kuendesha hivi?"

"Si mie, mama. Kuna fundi mmoja Tabata, mwanamke."

"Mwanamke!" Akacheka mwenyewe kule nyuma. Kabla ya kufika Somanga, ng'ombe wawili waliingia barabarani. Miguu yangu ilikanyaga breki na klachi kwa pamoja, kwa mazoea tu, na injini ikatulia. Ng'ombe wakapita. Nilipoteremka Mbagala jioni, mguu haukuwa umekufa ganzi; nilimshika mama mkono mie, badala ya mtu kunishika mie.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki tatu baadaye mama aliomba apelekwe Tabata. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, na mama akamwita atoke amwone sura. Akatoka na grisi hadi viwikoni, akampa shikamoo akiwa bado amepiga magoti. Mama alimtazama sana, kwanza uso, halafu vidole. Fundi akanawa kwa sabuni ya unga, akamletea kile kigoda chake, na mama akaanza kumwuliza kwao ni wapi na nani alimfundisha. Mie nilikaa juu ya tairi nikiwasubiri. Saa nzima ilipita, hakuna aliyenikumbuka.