Bamba Nene la Springi

Nesi alistaafu kazi ya uuguzi, lakini tabia ya kumwangalia kila mtu kwa jicho la pembeni haikustaafu naye. Siku alipolipeleka gereji gari la marehemu mumewe, alibeba na kigoda cha kukalia. Alikwishasikia habari za mafundi wanaokutolea kifaa kizima wakakurudishia kibovu, na gari lile lilikuwa la kale, la aina ambayo vifaa vyake hugombewa.

Lilikuwa limeinama nyuma, na likiingia kwenye shimo springi zililia kama kitanda kibovu. Fundi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alimweleza kwamba mabamba ya springi, vile vyuma bapa vilivyopangana tabaka kwa tabaka, yameshikana kwa kutu. Atayafungua, atayasugua, atayapaka grisi yateleze tena. Nesi akaitikia, kisha akatoa rangi ya kucha na kutia nukta nyekundu kwenye kila bamba, kushoto na kulia. Fundi alitabasamu tu, na tabasamu hilo likazidi kumtia shaka.

Gari likapigwa jeki, likakalishwa juu ya magogo. Springi ya kushoto ikashushwa, ikabanwa, bolti ya katikati ikafunguliwa pole pole mpaka mabamba yakaachana. Fundi akayamwagia mafuta ya taa, akashika brashi ya waya. Nesi hakubandua macho mpaka alipobanwa na haja. Hakukawia chooni, lakini aliporudi nukta zote zilikuwa zimesuguliwa, na kati ya mabamba saba yaliyolazwa juu ya gunia, moja lilikuwa nene kuliko wenzake.

"Hili si la gari langu," alisema.

"Ni la gari lako, mama. Ila halikutoka nalo kiwandani."

Fundi akamwita upande wa kulia, ambao haukuwa umeguswa hata na spana. Akafuta tope kuzunguka nukta kwa kitambaa. Bamba nene lilikuwepo huko pia, na nukta yake nyekundu. Mtu aliyaongeza kwa makusudi zamani sana, alieleza, ili gari lihimili mizigo mizito.

"Mume wangu alikuwa karani. Alibeba mafaili."

Fundi akainamia brashi yake, akaendelea kusugua. Nesi akazikumbuka zile Jumamosi, miaka nenda rudi, mumewe akiaga kwamba ana kazi ofisini, akirudi na vumbi magotini. Karani gani hupiga magoti kazini? Palepale akilini akamwona mwanamke mwingine, akaona watoto, akaona hata mapazia ya nyumba yenyewe.

Hakusubiri springi. Akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, akamkuta anajinyoa ndevu barazani. Shemeji akajaribu kumpiga chenga: kaka ameshalala, kuna faida gani kuchimbuachimbua. Nesi akavuta kiti, akakaa, akamtazama mpaka povu likamkauka mashavuni.

"Alikuwa anabeba matofali," shemeji alisema mwishowe. "Alimjengea mama. Wewe uliapa jina la mama lisitajwe nyumbani kwako."

Kweli aliapa. Yeye na mama mkwe hawakupeana salamu kwa miaka kumi na moja, hadi bibi yule alipofariki. Hata hivyo maneno hayakumtosha, maana ndugu hufichiana siri. Akataka apelekwe aione nyumba.

Ilikuwa ya vyumba viwili. Wifi yake, aliyebaki akiishi humo, alikuja akiburuta mguu uliovimba, akafungua mlango nusu, naye akiwa na shaka zake. Nesi akapita kila chumba akitafuta dalili ya mwanamke mwingine. Alichokuta ni picha moja ukutani: mumewe na mama yake wamekaa juu ya rundo la matofali, wanacheka. Hakuwahi kumwona mumewe akicheka hivyo.

Aliporudi gereji, fundi aliuliza kama ayatoe mabamba ya nyongeza, gari liwe kama lilivyotoka kiwandani.

"Yaache," alisema. "Yapake grisi kama mengine."

Jumamosi iliyofuata alimpitia wifi yake kwa gari hilo ampeleke kliniki kwa ajili ya ule mguu. Wifi akaingia kiti cha nyuma, akakumbatia mkoba wake kama mtu asiyejua ameitiwa nini.