Jicho la Mbuzi na Profesa wa Ng'ambo

Tata, dada mkubwa wa baba yangu, aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mamake. Kwetu Mbeere ukipewa jina la mtu unapewa na heshima yake. Utotoni heshima hiyo ilinifaa sana, nilikula kwake mara mbili bila kuulizwa. Nilipokuwa mtu mzima iligeuka kazi. Shida iliyowashinda watoto wake wa kuzaa aliniletea mimi, kwa kuwa mama hakatai.

Mwishoni mwa miaka ya tisini shida ilikuwa macho. La kushoto lilikuwa limeshaenda, limefunikwa na weupe, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Aliacha kwenda kanisani baada ya kumsalimia kwa heshima zote mtu ambaye hakuwepo. Siku moja alijimiminia uji wa moto mguuni, akasisitiza kwamba kikombe ndicho kilichosogea. Nikampeleka kliniki ya macho mjini Embu. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimmulika mara moja tu akasema, "Mama, kuna kitu cheupe hapo ndani. Tutakitoa, tuweke cha plastiki, na utaona vizuri."

Tata akainuka, akautafuta mlango kwa mikono mpaka akaupata.

"Maitu, twende nyumbani."

Nilikasirika njia nzima hadi kwake Gachoka, na mimi sijui kukasirika kimya kimya. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenye makosa alikuwa baba yangu.

Kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu anajua sehemu yake, na kichwa ni cha wanaume. Wanakichemsha kando, mbali na wanawake, na kunywa supu yake wakizungumza mambo wanayodhani hatuyajui. Baba alikuwa amekula vichwa vingi, na kila alipofungua jicho alikuta ndani yake punje nyeupe, ngumu, kubwa kidogo kuliko mbaazi. Wazee waliiita mbegu ya jicho, wakasema ndiyo inayoona. "Dada," alikuwa amemwambia, "wakiitoa hiyo umebaki na shimo. Plastiki itaona nini?" Na sasa daktari mwenyewe alikuwa ametaja kitu cheupe! Kwa Tata kesi ilikuwa imekwisha.

"Usiniambie nisiogope," aliniambia. "Hata ng'ombe huambiwa hivyo akipelekwa kuchinjwa. Niambie jicho linaonaje, halafu nitajua kama niogope au la."

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya kanisa mjini Embu, na tulikuwa tumeletewa kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Ilipokuwa ikijiunga ililia kama paka aliyebanwa na mlango, na mtu yeyote akiinua simu ya mezani kila kitu kilikatika. Mkubwa wangu alinikubalia niitumie saa ya chakula cha mchana. Siku za kwanza niliwapata wauza miwani tu, na mtu mmoja aliyeahidi kuponya macho yote ya dunia kwa karoti. Nilimtukana huyo kwa Kimbeere, ofisini mwa kanisa, na simwombi msamaha hadi leo.

Kisha nikaangukia chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Profesa wa huko alikuwa ameweka mihadhara yake yote kuhusu mwili wa binadamu, maneno na michoro, mtu yeyote asome bure. Niliendelea kubonyeza nikingoja mahali watakaponiuliza mimi ni nani na nimesoma hadi wapi. Hawakuuliza. Nilikuwa nimezoea kwamba elimu ya namna hiyo ina mlango, na mlangoni amesimama mtu. Nilichapisha mhadhara wa jicho wote, nikaukumbatia kifuani hadi stendi, nikiogopa upepo.

Jumamosi nilikaa na Tata barazani kwake. Alikuwa na ungo wa ndengu mapajani, akichagua mawe kwa vidole, maana vidole ndivyo vilivyokuwa vimeachiwa kazi ya macho. Nilisoma Kiingereza moyoni nikamwambia kwa lugha yetu, na nilipokosa neno la lenzi nikatumia lile la baba.

"Anasema mbegu ya jicho ni angavu kama maji. Haina damu ndani yake, na mwanga unapita humo. Lakini mtu akizeeka inaweza kugeuka nyeupe, kama ute wa yai ukipata moto."

Vidole vikasimama. "Kama maji?"

"Kama maji, Tata."

"Na baba yako anasema nyeupe."

"Baba si profesa."

"Si profesa, lakini ameila. Huyo wako amewahi kuila?"

Nikaendelea kusoma. Mbele kidogo profesa aliwaagiza wanafunzi wake waende kwa muuza nyama, waombe jicho la ng'ombe, walipasue likiwa bichi wajionee wenyewe.

"Bichi," Tata alirudia polepole. "Maitu, baba yako hajawahi kuliona likiwa bichi."

Bahati ikatuangukia. Wiki chache baadaye wakwe wa binti yake wa mwisho walileta mbuzi wa mahari, na mmoja akachinjwa pale nyumbani. Sufuria ya wanaume ilikuwa imeshaanza kuchemka Tata alipomwita baba yangu mbele ya wageni.

"Nataka kichwa."

Wageni wakaangalia viatu vyao. Baba akashusha sauti. "Dada, wanawake hawali kichwa."

"Nani amesema nitakula? Nataka jicho moja, kabla halijaingia kwa sufuria. Wewe nilikubeba kwa mgongo mpaka ukajua kutembea, na leo unaninyima jicho la mbuzi?"

Baba aliliondoa jicho akalileta mwenyewe juu ya jani la mgomba, uso umemkunjamana, akasimama palepale kulilinda. Nililipasua kwa wembe, nikimwomba Mungu profesa asiwe mwongo. Ile mbegu ikateleza ikatoka. Ilikuwa angavu, kama tone la maji lililokataa kumwagika. Niliiweka juu ya karatasi ya mhadhara, na herufi zilionekana kupitia ndani yake, kubwa kuliko zile za pembeni. Baba aliinama kuangalia, akainuka, akainama tena. Tata naye aliisogeza hadi ikakaribia kugusa jicho lake la kulia.

"Sasa itie kwenye supu yenu," akamwambia baba.

Baba aliichovya kwa kijiko, akangoja, akaitoa. Ilikuwa nyeupe na ngumu, ileile aliyoijua tangu ujana wake. Tata aliibonyeza kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Hii yangu imepikwa tu," alisema. "Jua lote hili la Mbeere! Maitu, mwambie yule kijana aitoe, aweke hiyo plastiki yake, bora ipitishe mwanga."

Nilienda nyuma ya jiko nikalia, nikacheka, nikalia tena. Sijawahi kupumua vile. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono hadi kaburini, nikimwonyesha vizingiti.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na bandeji ilipotolewa alinitazama kutoka juu hadi chini. "Hiyo sweta ina tundu kwapani," alisema. "Umekuwa ukitembea hivyo Embu yote?" Sijasikia maneno matamu kuliko hayo.

Krismasi ile baba alivunja mila mbele ya watu. Alimletea dada yake bakuli la supu ya kichwa, na jicho likielea ndani. Tata alilifungua, akatoa ile mbegu nyeupe, akaiweka katika kiganja cha baba.

"Shika," alimwambia. "Hii ndiyo ulitaka nibaki nayo."

Sote tulicheka, na baba pia. Akaiangalia, akaiweka mbali, akaileta karibu. Ilibidi aisogeze hadi puani ndipo aione. Kicheko chake kikaisha kabla ya chetu.

"Ile kliniki," aliniuliza, "inafunguliwa siku gani?"