Mwanamke Aliyesoma Fomu ya Jeshi Kwenye Redio ya Upepo

Wakuu, nina miaka sabini na moja, nakaa Kagongwa. Simu hii kaninunulia binti yangu nimtumie picha za shamba. Leo naitumia kutoa kitu kilichonikaa kifuani tangu Januari 1979.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, nilimsikia mwanamke akisoma fomu ya siri ya jeshi letu redioni.

Kwa sauti ya taratibu, kama anasoma matangazo ya kanisani.

Tulieni niwaeleze.

Vita ilikuwa Kagera. Sisi tulikuwa nyuma, Buseresere, watu wawili kwenye hema la redio. Mimi, Koplo Maduhu, na mwenzangu Thobias, Msumbwa wa Ushirombo. Mpole, hanywi, haongei.

Jeshi lilikuwa na redio za Kichina, za Kirusi na za Kiingereza, na nyingine hazisikilizani kabisa. Mchina anaita, Mwingereza kanyamaza. Kwa hiyo sisi tulipokea huku, tukatuma kule.

Shida ikawa kila kituo kinaongea kivyake. Huyu anaanza na saa, yule anaanza na salamu mpaka aulize hali ya ng'ombe. Ujumbe ukifika mwisho wa safari haujulikani kichwa wala miguu.

Wakubwa wakaleta fomu moja kwa vituo vyote. Mistari sita. Nani anatuma, nani anapokea, saa ngapi, watu wangapi, wanatoka wapi, wanakwenda wapi.

Kutembea nayo kwenye karatasi ni marufuku. Unaiweka kichwani. Thobias aliishika kwa siku moja. Mimi ilinichukua wiki nzima, mpaka nikapata mbinu yangu.

Sasa asubuhi hiyo nazungusha redio kutafuta mawimbi, nasikia:

"Anayetuma, Buseresere. Anayepokea, Biharamulo. Saa nane mchana. Watu mia moja arobaini. Wanatoka Geita. Wanakuja kwenu."

Nikaacha kuzungusha.

Msafara wetu wa siku ile ulikuwa wa watu mia moja arobaini. Na Biharamulo walitakiwa kufika saa nane. Adui akiinasa hiyo, vijana wetu wamekwisha.

Hapo Buseresere fomu ile tuliijua wawili tu. Mimi si msaliti. Sasa hesabu wewe mwenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Luteni Donatus, mkuu wetu. Akanisikiliza, akaagiza saa za misafara zibadilishwe.

"Lete ushahidi," akasema. "Na asijue kitu."

Nikaanza kumchunguza Thobias. Ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ni ishara.

Betri zetu tulizichaji kwenye jenereta ya misheni. Zamani tulipeana zamu. Wiki mbili hizi Thobias alikuwa anajitolea kwenda yeye, hata zamu yangu. Chuma kizito vile, na jua la Januari!

"Kaa upumzike, Maduhu," ananiambia. "Mimi nitakwenda."

Nani anajitolea hivyo bure?

Nikamfuata siku nne mfululizo, hatua kama hamsini nyuma. Siku ya nne nikamwona kando ya jiko la misheni akimpa mama mmoja karatasi iliyokunjwa. Yule mama akacheka, akasema neno. Sauti ilikuwa ileile ya redioni.

Jioni Thobias akafungwa kamba mikono. Luteni akamuuliza karatasi ni ya nini. Kimya. Nani kamfundisha yule mama fomu? Kimya. Aliniangalia mimi tu.

Mimi nikaona huo ndio ushahidi wa mwisho. Nililala usingizi mzito, Mungu anisamehe.

Asubuhi Luteni akaniita. "Lori la Mwanza linaondoka saa sita. Thobias anakwenda mahakama ya kijeshi. Kamlete na huyo mama, waende wote."

Kila mtu alijua msaliti wakati wa vita anafanywa nini.

Nilikwenda misheni kwa gari la kambi, dereva akabaki garini, nikamkuta yule mama anakoroga uji. Mama Anisia, kiongozi wa akina mama wa parokia. Wao ndio waliowapikia askari kila msafara uliposimama pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mbona siku hizi huji kwetu?"

"Mama, redioni unasema nini?"

"Kwenye redio ya upepo ya misheni? Nawaambia wenzetu wa Biharamulo wageni wangapi wanakuja. Mwezi wa kumi na mbili walipika cha watu ishirini, wakaja mia. Aibu! Askari walilala njaa."

"Idadi unaipata wapi?"

"Si nahesabu sahani? Na saa nawauliza madereva."

"Na ile mistari sita, nani kakufundisha?"

Mama Anisia akaacha kukoroga. Akanishangaa.

"Si wewe mwenyewe? Ukija na betri, ukikaa pale kwenye pampu ya maji unasubiri, ulikuwa unaimba. *Nani atuma, nani apokea, saa ngapi, wangapi...* Kama wimbo wa kulimia wa kwetu. Watoto wote hapa wanauimba. Nikaona huu mpangilio mzuri, hausahauliki."

Jamani.

Ndiyo ilikuwa mbinu yangu. Msukuma kazi ikimshinda anaitungia wimbo. Sikujua kama naimba kwa sauti.

"Na Thobias?" nikauliza.

"Huyo kijana! Kila siku ananibembeleza niache. Majuzi kaniletea karatasi. Ati wageni wakiwa wengi niseme 'msiba', wakiwa wachache niseme 'ubatizo'. Nikamcheka. Nitangaze msiba hajafa mtu? Huo ni uchuro, mwanangu. Ananiambia, mama, ukiendelea hivi rafiki yangu atauawa. Nikadhani anatania."

Kumbe zamu zangu za betri alizichukua ili nisije tena kuimba pale. Nilikaa chini, palepale kwenye majivu.

Hakuna askari mwingine aliyesikia yale maneno. Ningeweza kumpakia Mama Anisia garini na siri ikaishia Mwanza. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nililiwaza. Kwa muda wa uji kuchemka, nililiwaza.

Kisha nikamwambia dereva anirudishe kambini bila mama.

Saa sita kasoro robo nilisimama mbele ya Luteni Donatus.

"Afande, msaliti ni mimi."

Nikaeleza yote. Luteni akaagiza Thobias aletwe.

"Ulijua?"

"Nilijua, afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, angekwenda yeye kwenye hilo lori."

Lori liliondoka bila mtu wetu. Mimi nilivuliwa ukoplo, nikalala mahabusu siku ishirini na moja. Mama Anisia alionywa tu, na askari wa Biharamulo wakarudi kula cha kubahatisha.

Nilipotoka nilimwendea Thobias. Alama za kamba zilikuwa bado mikononi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe," akasema. "Ila siku zote nne nilikuwa nakuona nyuma yangu. Kila siku nilisema, leo ataniuliza."

Kama mna rafiki mnayemshuku, mfuateni mkamuulize, msimfuate mkimnyemelea. Swali lingenichukua dakika moja.

Thobias yuko hai. Huwa tunakutana mnadani Ushirombo, tunasalimiana vizuri, tunakula nyama pamoja, ananiulizia wajukuu.

Ila tukinyanyuka kuondoka, miaka yote hii, husimama pembeni ya njia, hakubali niwe nyuma yake, na kuniambia, "Tangulia, Maduhu."